Mchumia Juani: Maisha ya Charles Goodyear

Wahenga walinena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Methali hii huwatuliza wafanyao kazi ngumu kwa kuwaahidi kwamba taabu ya leo ni raha ya kesho. Hata hivyo, yapo maisha ambayo huilazimisha methali kujieleza upya. Miongoni mwayo ni maisha ya Charles Goodyear, Mmarekani aliyeuwezesha mpira kustahimili joto.

Katika jiji la Kisumu, jua la alasiri halina mzaha. Karibu na ufuo wa Ziwa Viktoria, mafundi wa jua kali hukokota nyaya za kuchomelea vyuma juu ya kokoto zilizopata moto. Ndani ya nyaya hizo mna shaba inayobeba umeme mkali. Nje mna gamba jeusi la mpira ambalo kazi yake ni kumhami fundi. Gamba hilo likiyeyuka au likipasuka, uhai wa mtu huwa hatarini. Lakini haliyeyuki, na asili ya ustahimilivu wake ni Goodyear.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1800 huko New Haven, jimbo la Connecticut. Babake, Amasa Goodyear, alikuwa mfanyabiashara na mtengenezaji wa vifaa vya chuma. Mnamo 1824 Charles alimwoa Clarissa Beecher, na baadaye akafungua duka la vifaa hivyo mjini Philadelphia. Duka lilifilisika kufikia mwaka wa 1830. Sheria za enzi hizo zilimruhusu mdai kumtia mdeni wake gerezani, na Goodyear akaanza safari ndefu ya kuingia na kutoka katika magereza ya wadeni.

Mwaka wa 1834 aliingia katika duka moja la bidhaa za mpira jijini New York akiwa na wazo la kuboresha vali ya boya la kuokolea maisha. Humo alielezwa kuwa tatizo halikuwa vali, bali mpira wenyewe. Viatu na makoti ya mpira yalikuwa yakikakamaa wakati wa baridi na kugeuka uji unaonuka wakati wa joto. Wanunuzi walikuwa wakiyarejesha, na viwanda vilikuwa vikielekea kufungwa. Tangu siku hiyo Goodyear hakuwa na kazi nyingine duniani. Hata alipofungwa tena kwa madeni, alikanda mpira ndani ya gereza kwa kifimbo cha mkewe cha kusukumia unga.

Alichanganya mpira na magnesia, kisha chokaa, kisha asidi kali. Kila jaribio lilimpa tumaini, na kila kiangazi kililiyeyusha. Mnamo 1838 alikutana na Nathaniel Hayward huko Woburn, Massachusetts. Hayward alikuwa amebaini kwamba mpira uliotiwa kiberiti, yaani salfa, na kuanikwa juani hupoteza unata wake. Goodyear alinunua haki za ugunduzi huo, akapata zabuni ya kuitengenezea serikali mifuko ya barua. Mifuko hiyo ililainika na kuharibika ikiwa bado ghalani. Jua lilikuwa limetibu ngozi ya juu tu.

Mnamo 1839 kipande cha mpira wenye kiberiti kiligusa jiko la moto. Badala ya kuyeyuka, kiliungua kingo kama ngozi ya mnyama, na sehemu iliyopakana na kingo hizo ikabaki imara na yenye kunyumbulika. Wengi husimulia tukio hili kama bahati. Lakini bahati hiyo ilimwangukia mtu aliyekuwa ameitafuta kwa miaka mitano, naye alihitaji miaka mingine mitano kujua kiwango sahihi cha joto na muda. Katika kipindi hicho aliuza hata vitabu vya shule vya watoto wake, na yeye na Clarissa waliwazika baadhi ya watoto wao.

Kilichotokea jikoni hakikueleweka hadi baada ya 1920, mwanakemia Hermann Staudinger alipopendekeza kuwa dutu kama mpira huundwa na molekuli ndefu mno. Katika mpira ghafi, molekuli hizo ni kama nyuzi zilizolala pamoja bila kufungwa: zikipata joto huteleza. Kiberiti kikipashwa moto pamoja nazo hufunga uzi mmoja kwa mwingine, kama mafundo katika wavu wa mvuvi wa Dunga. Wavu huvutika na kurudi, wala nyuzi zake haziachani.

Goodyear alipata hataza nchini Marekani tarehe 15 Juni 1844. Nchini Uingereza alikuwa amechelewa. Thomas Hancock, aliyekuwa ameona sampuli za mpira huo, alimtangulia kuwasilisha ombi mwishoni mwa 1843. Nyumbani, waigaji walimwandama hadi kesi ya mwaka wa 1852, ambapo alitetewa na Daniel Webster, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, akashinda. Ushindi huo haukulipa madeni yake. Mwaka wa 1855 alionyesha bidhaa zake Paris, akatunukiwa nishani ya heshima ya Ufaransa. Habari za nishani hiyo zilimfikia akiwa gerezani kwa madeni.

Mwaka wa 1860 alisafiri kwenda kumwona bintiye aliyekuwa mahututi. Alipofika New York aliarifiwa kwamba binti ameshafariki. Goodyear alizidiwa, akaaga dunia tarehe 1 Julai, akiacha deni la takriban dola 200,000. Kampuni ya magurudumu yenye jina lake ilianzishwa na watu wengine mwaka wa 1898.

Baada ya kifo chake, mpira wa aina hiyo ulitumika sana kuhami nyaya za umeme. Kwa kuwa salfa hushambulia shaba, mafundi walijifunza kuipaka shaba bati kwanza. Polithini, iliyogunduliwa Uingereza mwaka wa 1933, nayo ilikuja kufungwa mafundo ya namna hiyo, ingawa bila kiberiti. Kebo ya polithini ya kawaida huhimili nyuzijoto 70 hivi za Selsiasi. Iliyofungwa mafundo huhimili 90. Wazo ni lile lile la jikoni.

Kitenzi hulia katika methali ya wahenga kina maana mbili: kupata chakula mahali fulani, na kutokwa na machozi. Goodyear alichumia juani, na maana iliyomfikia ni ya pili. Kivuli alichokitafuta kinamhifadhi fundi wa Kisumu, ambaye hushika waya wake bila hofu, na huenda hajawahi kulisikia jina lake.