Shekhar Mehta, mkimbizi aliyeshinda Safari Rally

Juzi nikiwa Kakuma nilimkuta fundi mkimbizi, Mbarawa, akichomelea mabomba ya chuma. Nikamkumbuka marehemu Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda mwaka 1945. Idi Amin alipowafukuza Waasia 1972, yeye na jamaa zake wakakimbilia Kenya. Mwaka 1973 akashinda Safari Rally, kisha akashinda mfululizo 1979 hadi 1982. Mara tano! Gari la mbio hujengewa ndani kizimba cha mabomba kama yale, ili likibiringika chuma kibebe uzito, paa lisimbane dereva. Ajali ya Misri 1987 ilimkatiza mbio, lakini alinusurika, akafariki London 2006. Ndugu zangu, mkimbizi si mzigo. Tumpe nafasi, huenda kesho akatubebea bendera.