Matthew Hale, mwamuzi aliyelipia nyama aliyopewa

Wengi wetu tunajua uchungu wa kufika mbele ya mwamuzi bila kitu mkononi. Kesi ya shamba inaahirishwa mara kwa mara, na yule mwenye pesa au mwenye ndugu mkubwa anatoka akicheka. Leo tunamkumbuka mwamuzi mmoja Mkristo wa Uingereza, aliyekufa karibu miaka 350 iliyopita. Anatufundisha kwa mambo mengi aliyoyafanya vema, na pia kwa siku moja aliyoshindwa.

Matthew Hale alizaliwa tarehe 1 Novemba 1609 katika kijiji cha Alderley. Baba yake alikuwa wakili, lakini aliiacha kazi hiyo kwa sababu dhamiri ilimsumbua: aliona kwamba kupamba maneno mbele ya mahakama kunakaribia kuwa uongo. Mtoto akawa yatima angali mdogo sana. Jamaa mmoja mcha Mungu akamlea, akitumaini kwamba atakuwa mchungaji.

Alipofika Oxford kusoma, kijana alipenda michezo na starehe, hata akafikiri kuwa askari. Lakini kulikuwa na kesi juu ya urithi wake, na wakili aliyeishughulikia aliona akili yake, akamshauri asome sheria. Mwaka 1628 akaanza masomo hayo London. Siku moja, katika karamu, rafiki yake alilewa mpaka akaanguka kama maiti. Hale aliingia chumba kingine, akafunga mlango, akapiga magoti. Akamwomba Mungu amhurumie rafiki yule, akaweka nadhiri ya kutofuata tena desturi ya kunyweshana pombe. Rafiki alipona, naye Hale aliishika nadhiri yake mpaka kufa.

Mwaka 1654, baada ya vita kati ya mfalme na bunge, mtawala Oliver Cromwell alimfanya mwamuzi. Hale alikubali kwa sababu nchi haiwezi kukaa bila haki, hata utawala ukibadilika. Lakini hakukubali kuwa chombo cha mtu. Mara moja aligundua kwamba wazee wa baraza katika kesi fulani walichaguliwa kwa amri ya Cromwell mwenyewe, si kwa njia ya sheria. Aliwaondoa wote, akakataa kuisikiliza kesi. Cromwell akamwambia kwa hasira kwamba hafai kuwa mwamuzi. Hale akajibu tu kwamba hilo ni kweli.

Mfalme aliporudi mwaka 1660, naye pia alimpa Hale cheo kikubwa mahakamani. Hale alijiandikia kanuni 18 za kukumbuka siku zote. Hakuna mtu aliyemlazimisha. Alijiagiza akumbuke kwamba haki anaitoa kwa niaba ya Mungu, mfalme na nchi. Asitegemee akili yake mwenyewe, bali amwombe Mungu. Asiamue moyoni kabla ya kuzisikia pande zote mbili. Asimwonee maskini huruma inayopotosha haki, wala asimpendelee tajiri. Asijali watu watamsifu au watamchukia. Achukie maombi ya sirisiri. Watumishi wake wasiingilie kesi, wala wasipokee zaidi ya malipo yanayojulikana. Hata chakula alikiwekea kanuni: ale kidogo, ili awe tayari kwa kazi. Na kanuni ya 13: katika kesi ya jinai, mizani ikiwa karibu sawa, aelekee kwenye rehema na kumwachilia mshitakiwa.

Kanuni hizo alizitenda. Bwana mmoja alikuwa na desturi ya kumpelekea kila mwamuzi anayepita nyama ya mawindo. Kesi yake ilipoitwa, Hale aliuliza kama ndiye aliyeleta ile nyama, kisha akasema kwamba kesi haitaendelea mpaka nyama ilipwe. Bwana yule alijitetea kwamba alifanya vile kwa waamuzi wote. Hale hakubadilika, na mtu yule akaiondoa kesi yake. Wakuu wa kanisa kuu la Salisbury nao walimletea sukari, kama ilivyokuwa desturi yao. Walikuwa watu wa kanisa, lakini walikuwa na kesi mbele yake. Sukari yao pia aliilipia.

Hata mkubwa mmoja wa nchi alipomwendea faraghani kumweleza kesi yake, Hale alimkatiza, kwa sababu mambo ya kesi yalipaswa kusikiwa mahakamani, mbele ya pande zote mbili. Yule mkubwa akaenda kumshitaki kwa mfalme. Mfalme akamwambia aridhike, kwa kuwa hata yeye mfalme asingetendewa vizuri zaidi kama angeenda kuombea kesi yake.

Lakini mwaka 1662, katika mji wa Bury St Edmunds, waliletwa mbele yake wajane wawili wazee, Amy Denny na Rose Cullender. Walishitakiwa kwamba wamewaloga watoto. Watoto walikuwa wakianguka kifafa, na ilisemwa kwamba wakiguswa na wazee hao mikono yao iliyofungwa ngumi hufunguka. Mabwana kadhaa wakajaribu jambo hilo: msichana mmoja akafunikwa macho, akaguswa na mwanamke mwingine kabisa. Akafanya vilevile! Mabwana wale walirudi wakisema wazi kwamba mambo haya ni udanganyifu.

Hapa mizani ilikuwa imeyumba, na kanuni ya 13 ilikuwa kwa ajili ya saa kama hiyo. Lakini Hale aliamini, kama wengi wa wakati wake, kwamba uchawi upo na sheria inauadhibu kwa kifo. Hakuwaeleza wazee wa baraza udhaifu wa ushahidi ule. Baada ya nusu saa tu walirudi na neno la hatia. Wajane wale walihimizwa wakiri, wakakataa. Wakanyongwa. Miaka 30 baadaye, huko Salem, Marekani, waamuzi waliitumia habari ya kesi hiyo kuwa mfano, na watu 19 walinyongwa.

Wapendwa, Hale hakupokea hata senti moja katika kesi ile. Mikono yake ilikuwa safi, na bado wasio na hatia walikufa. Kukataa rushwa ni mwanzo wa haki, lakini si mwisho wake. Mwamuzi anaweza kununuliwa kwa pesa. Anaweza pia kununuliwa kwa hofu, na kwa mambo ambayo kila mtu anayasema.

Hilo linatugusa sisi. Katika vijiji na mitaa yetu mama wazee wamepigwa na kuchomwa kwa sababu ya neno moja: mchawi. Mara nyingi hakuna mwamuzi hapo, ila kijana mwenye hasira, nabii anayetaja jina, na Wakristo wanaonyamaza. Siku hiyo kila mmoja wetu amekaa kwenye kiti cha Hale. Hata mzee wa kanisa anayepatanisha ndugu wanaogombea mpaka wa shamba amekikalia.

Mwaka 1671 Hale alifanywa mwamuzi mkuu wa Uingereza. Mapema mwaka 1676, ugonjwa ulipomlemea, aliomba kuacha kazi, akarudi Alderley. Alikufa siku ya Noeli mwaka uleule. Hakutaka kuzikwa ndani ya kanisa: aliona kwamba kanisa ni la walio hai. Kaburi lake liko nje, kati ya watu wa kijiji chake.

Tusome tena Kumbukumbu la Torati 16:18-20. Tuwaombee waamuzi wetu kwa majina yao. Na siku kundi litakapokusanyika mlangoni kwa mama mzee, Bwana atupe ujasiri wa kusimama mbele yake na kuuliza ushahidi uko wapi.