FRANSISKO WA ASSISI NA HORI LA GRECCIO

Kila ifikapo Desemba maduka ya Dodoma hujaa mapambo ya Krismasi: miti ya plastiki, taa za kumetameta, nyota za karatasi zing'aazo, na nguo za watoto zilizotundikwa mpaka barabarani. Hatusemi kwamba vitu hivyo ni vibaya. Lakini sote twajua kwamba hapa Chimwaga na katika vijiji vya jirani wako wazazi ambao mwezi huo huwaletea simanzi. Mtoto asipopata nguo mpya, mzazi huona haya kumleta kanisani siku ya sikukuu. Wengine hukopa, na deni la Krismasi hulipwa kwa mtama ambao ungewalisha mwezi wa pili, wakati wa njaa.

Kwa hiyo tumeona vema kusimulia maisha ya mtu aliyeadhimisha Krismasi kwa majani makavu na wanyama wawili tu, na sikukuu yake hiyo haijasahaulika mpaka leo. Mtu huyo ni Fransisko wa Assisi, ambaye Kanisa letu la Anglikana humkumbuka kila tarehe 4 Oktoba.

Mwana wa mwuza nguo

Fransisko alizaliwa mwaka 1181 au 1182 katika mji wa Assisi, nchini Italia. Husimuliwa kwamba alibatizwa kwa jina la Giovanni, yaani Yohana, wakati baba yake alipokuwa safarini Ufaransa kununua bidhaa. Naye baba aliporudi akamwita Francesco, maana yake Mfaransa. Baba huyo, Pietro di Bernardone, alikuwa tajiri mwenye duka la vitambaa. Basi tangu utoto Fransisko alivaa nguo nzuri kuliko vijana wengi wa mji, akapenda karamu, nyimbo na marafiki, wala hakujua maana ya kukosa.

Mwaka 1202 mji wa Assisi ulipigana na mji jirani wa Perugia. Assisi wakashindwa, na Fransisko akatekwa, akakaa kifungoni kama mwaka mmoja. Alipotoka aliugua muda mrefu. Baadaye alitaka tena kwenda vitani apate kuwa askari mwenye sifa, lakini akageuka njiani akarudi nyumbani. Watu wakamcheka.

Katika siku zile alikuwa na hofu kubwa ya wagonjwa wa ukoma. Akiona nyumba zao kwa mbali, aliziba pua. Wazee wetu wanaokumbuka kituo cha Hombolo wanajua jinsi wagonjwa hao walivyoogopwa hata huku kwetu, na jinsi ilivyokuwa jambo zito mtu mzima kuwakaribia. Siku moja Fransisko alikutana njiani na mgonjwa mmoja. Akashuka katika farasi, akampa fedha, akambusu. Mwenyewe alieleza mwishoni mwa maisha yake kwamba tangu alipoanza kukaa na wagonjwa wale, jambo lililokuwa chungu kwake liligeuka kuwa tamu.

Nje ya mji palikuwa na kanisa dogo la San Damiano, nalo lilikuwa karibu kuanguka. Fransisko alipokuwa akisali humo alisadiki kwamba Bwana anamwagiza kulitengeneza. Akachukua vitambaa dukani kwa baba yake, akaviuza mjini Foligno pamoja na farasi wake, ili apate fedha za ujenzi. Baba akakasirika sana, na mwaka 1206 akampeleka mbele ya Askofu wa Assisi. Hapo Fransisko akarudisha fedha, kisha akavua nguo zote alizovaa, akaziweka chini mbele ya baba yake. Askofu akamfunika kwa joho lake.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hilo. Mtoto wa mwuza nguo alibaki hana nguo, na watu wote wa mji wakimtazama. Aibu ile wanayoiogopa wazazi wengi siku ya Krismasi, yeye aliipitia hadharani, na ikawa mwanzo wa furaha yake. Tangu siku hiyo alivaa kanzu nyonge, na baadaye mshipi wake ukawa kamba. Alikwenda akiomba mawe mitaani, akalijenga San Damiano kwa mikono yake, kisha makanisa mengine mawili.

Ndugu wadogo

Watu wakaanza kumfuata. Mwaka 1209 alikwenda Rumi pamoja na wenzake 11, na Papa Innocent wa Tatu akawakubalia maisha yao ya umaskini na kuhubiri. Wakajiita Ndugu Wadogo. Mwaka 1212 alijiunga naye Klara, binti wa jamaa ya wakuu wa Assisi, akaanzisha nyumba ya akina dada pale San Damiano.

Mwaka 1219, wakati majeshi ya Wakristo wa Ulaya yalipokuwa yakipigana na Waislamu katika mji wa Damietta nchini Misri, Fransisko alivuka mpaka upande wa pili bila silaha, akafika mbele ya Sultani al-Malik al-Kamil. Wengi walidhani atauawa. Sultani alimpokea kwa heshima, akamsikiliza, akamrudisha salama. Sisi tunaoishi nyumba kwa nyumba na ndugu zetu Waislamu, tukipelekeana chakula cha Idi na cha Krismasi, tunaweza kuuona ushujaa huo bila maelezo mengi.

Usiku wa Greccio

Sasa twafika kwenye habari yenyewe. Mwaka 1223 Fransisko alikuwa amechoka na mwili wake ni dhaifu. Kama wiki mbili kabla ya Krismasi alimtumia habari bwana mmoja wa kijiji cha Greccio, jina lake Giovanni, rafiki yake. Alimwomba atayarishe hori, majani makavu, ng'ombe na punda. Alitaka kuona kwa macho yake shida aliyozaliwa nayo Mtoto Yesu, jinsi alivyokosa mahitaji ya mtoto mchanga, na jinsi alivyolazwa juu ya majani.

Greccio ni kijiji cha mlimani, chenye majabali na mapango. Usiku ule ndugu walikuja kutoka sehemu nyingi, na wanakijiji, wanaume kwa wanawake, wakapanda wakiwa na mienge na mishumaa waliyoitengeneza kadiri walivyoweza. Msitu ukaitikia nyimbo zao. Ushirika Mtakatifu ukaadhimishwa juu ya hori lile. Fransisko hakuwa kasisi, alikuwa shemasi. Basi akavaa mavazi ya shemasi, akaimba Injili, akahubiri. Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha yake miaka michache baadaye, anaeleza kwamba kila alipolitaja jina la Bethlehemu sauti yake ilikuwa kama mlio wa kondoo. Anaeleza pia kwamba mtu mmoja aliona kama mtoto amelala ndani ya hori, na Fransisko akimwamsha.

Hapo pana jambo la kuangalia. Habari hiyo haisemi kwamba iliwekwa sanamu yoyote katika hori. Palikuwa na majani, wanyama na watu, basi. Tena Injili ya Luka haitaji ng'ombe wala punda. Wakristo wa zamani waliwapata katika sura ya kwanza ya Isaya, ambapo nabii anawalaumu Waisraeli kwamba wanyama hao wanamjua bwana wao kuliko wao. Kwa hiyo wanyama wale wa Greccio walikuwa pia swali kwa kila aliyekuja: je, wewe unamjua Bwana wako?

Sikukuu ikiisha, Fransisko hakuwasahau wanyama. Alitamani kwamba siku ya Krismasi matajiri wawashibishe maskini, ng'ombe na punda waongezewe majani, na nafaka imwagwe njiani kwa ajili ya ndege.

Macho na mauti

Baada ya Krismasi ile aliishi chini ya miaka mitatu. Alikuwa amerudi kutoka Misri na ugonjwa wa macho, ambao wataalamu kadhaa wa siku hizi hudhani kuwa ni vikope. Ndio ugonjwa uliowapofusha wazee wetu wengi, hasa upande wa Kongwa, na hospitali ya Kanisa kule Mvumi imewahudumia wagonjwa wa macho kwa miaka mingi. Lakini zama zile dawa haikuwapo. Waganga walimchoma kwa chuma cha moto toka shavuni hadi kwenye nyushi, wala haikusaidia kitu. Mwaka 1225, akiwa karibu kipofu na akiteswa na mwanga wa jua, alitunga wimbo wa kumsifu Mungu kwa ajili ya jua, mwezi, maji na ardhi.

Jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226 alifariki karibu na Assisi, akiwa amelazwa juu ya ardhi tupu kama alivyoomba. Kutoka mwaka huo hadi mwaka 2026 ni miaka 800.

Desturi iliyoenea

Hatusemi kwamba kabla ya Greccio hakuna aliyewahi kuonyesha kwa vitendo habari ya Kuzaliwa kwa Bwana. Michezo ya namna hiyo ilikuwapo makanisani. Lakini usiku ule ulileta habari hiyo mikononi mwa watu wa kijijini, na ndugu wa Fransisko wakaieneza. Baadaye watu walianza kutengeneza sanamu ndogo za mti, mawe na udongo. Mji wa Naples ulipata sifa kwa kazi hiyo, na mafundi wake wakawaweka kando ya hori hata wauza samaki na waoka mikate wa mji wao wenyewe. Katika nchi yetu pia mafundi wa Kimakonde wamechonga Yusufu, Mariamu na Mtoto kwa mpingo, kwa sura za Kiafrika.

Tunajua kwamba katika Dayosisi yetu ya Central Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1927 na kulelewa na wamisionari wa CMS toka Australia, wako wasiopenda sanamu kanisani, nao wana sababu zao katika Amri Kumi. Hatutaki ugomvi juu ya jambo hilo. Ila twakumbusha kwamba Fransisko hakuweka kitu cha kusujudiwa. Aliwafundisha watu wasiojua kusoma, kama mwalimu anavyochukua kokoto na vijiti kufundisha hesabu.

Na ni nani awezaye kulielewa somo hilo kuliko watu wa Ugogo? Katika tembe za wazee wetu ndama na mbuzi walilala karibu na watoto, chini ya paa moja la miti na udongo. Pumzi ya mnyama usiku, harufu ya zizi asubuhi, mtoto mchanga juu ya ngozi: mambo hayo hatukuyasoma vitabuni. Mwanakwaya wa Ulaya hana budi kuelezwa hori ni nini. Bibi wa Ugogo anajua.

Basi, wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili, twawaomba jambo dogo Krismasi hii. Watoto wetu wanajua kufinyanga ng'ombe wa udongo tangu wakiwa machungani, na kutengeneza vitu vya kuchezea kwa mabua ya mtama. Waacheni walete kazi hizo. Udongo ukaushwe kivulini usije ukapasuka. Karatasi za daftari zilizokwisha ziandikwe rangi, zikatwe vipande, ziunganishwe minyororo kwa gundi ya uji wa unga. Majani yapo kila mahali, kwani mvua za Desemba zimekwisha kuanza. Na kila kitu kikiwekwa mahali pake, mtoto mmoja asimulie Luka sura ya pili, wakubwa wakisikiliza. Sherehe ya namna hii haihitaji mkopo.

Tena tukubaliane jambo la pili, lililo zito zaidi. Mtoto atakayekuja na nguo ya mwaka jana, au yenye kiraka, akae mbele, karibu na hori, na mtu asimtazame mara mbili. Mwenye nguo mbili afikiri juu ya jirani yake kabla ya tarehe 25, si baada yake. Maana mwana wa mwuza nguo wa Assisi aliweka chini nguo zake zote, na Bwana wetu mwenyewe, siku aliyozaliwa, hakuwa na nguo mpya ila zile alizoviringishwa na mama yake.