Kabla ya Majira ya Baridi

Kama una mtoto anayesoma ng'ambo, unajua simu za usiku zilivyo. Huku kukichafuka, yeye kule hali wala halali, nawe unamsihi abaki hukohuko. Leo nakuomba umfikirie mtu aliyesihiwa hivyo na rafiki zake, akakataa.

Dietrich Bonhoeffer alizaliwa Februari 4, 1906, Ujerumani, yeye na pacha wake Sabine. Kaka yao Walter alikufa vitani mwaka 1918. Dietrich alipata udaktari wa theolojia akiwa na miaka 21, lakini kwenye miaka 24 alikuwa bado mdogo mno kuwekewa mikono ya uchungaji. Basi mwaka 1930 akavuka bahari kwenda kusoma Union Theological Seminary, New York. Septemba ileile chama cha Hitler kiliruka kutoka viti 12 hadi 107 bungeni.

Usidhani masomo ndiyo yaliyomgusa. Theolojia ya pale aliiona nyepesi. Mwenzake wa chuoni, Mmarekani mweusi Frank Fisher, alimpeleka Harlem, katika kanisa la Abyssinian Baptist, na yule mtoto wa profesa wa Berlin akawa mwalimu wa shule ya Jumapili. Aliporudi kwao mwaka 1931 alibeba sahani za santuri zenye nyimbo za kiroho za watu weusi. Baadaye aliwapigia wanafunzi wake wa uchungaji huko Finkenwalde, mpaka polisi wa siri walipokifunga chuo hicho mwaka 1937.

Mwaka uliofuata moto ulifika mlangoni. Sabine alikimbia na mumewe na binti zao wawili, kwa kuwa mume, ingawa alibatizwa, alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Kisha usiku wa Novemba 9 masinagogi yakateketezwa nchi nzima. Fungua Zaburi ya 74, mstari wa 8, unaosimulia nyumba za kumkutania Mungu zikichomwa: pembeni pake, katika Biblia yake, Dietrich aliandika tarehe ya usiku ule. Wachungaji wengi walinyamaza.

Rafiki zake wa Marekani walijua kwamba karibu ataitwa jeshini, wakamtafutia kazi. Juni 12, 1939 alikuwa New York tena, katika chumba cha wageni cha chuo chake cha zamani. Fikiria: kitanda kizuri, maktaba, usalama. Hakutulia hata kidogo. Alipekua magazeti, akangoja barua, akazunguka mitaani. Juni 20 aliikataa ile kazi, huku akikiri katika shajara yake kwamba sababu zake mwenyewe hazikuwa wazi kwake. Siku sita baadaye alikuta maneno ya Paulo akimhimiza Timotheo aje kabla ya majira ya baridi, nayo yakamfuata kutwa nzima. Alimwandikia Profesa Reinhold Niebuhr kwamba asiposhiriki mateso ya watu wake sasa, hatakuwa na haki ya kushiriki kulijenga upya kanisa lao baada ya vita.

Hapa tusimhukumu aliyekimbia. Profesa Paul Tillich, aliyefukuzwa kazi Ujerumani mwaka 1933, alikuwa akifundisha katika chuo hichohicho, na Dietrich hakumtaka Sabine arudi. Yusufu naye alimkimbizia Mtoto Misri. Wito wa mmoja si amri kwa wote, na mimi nisingethubutu kumwambia mwanao apande ndege.

Dietrich alipanda meli Julai 7. Septemba 1 vita vikaanza. Alijiunga na waliopanga kwa siri kumwangusha Hitler, akakamatwa Aprili 5, 1943, miezi michache tu baada ya kumchumbia Maria von Wedemeyer. Aprili 9, 1945 alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg, akiwa na miaka 39, vita vikiwa vimebakiza mwezi mmoja kwisha. Wiki mbili baadaye kaka yake Klaus alipigwa risasi Berlin.

Julai 27 mwaka huo ibada ya kumkumbuka ilifanyika London, katika Kanisa la Holy Trinity, Brompton. Sabine alikuwa amekaa humo. BBC iliirusha hewani, na kule Berlin baba na mama yao waliisikiliza redioni.