WANGARI MAATHAI NA MZIGO WA MAMA MWENYE KAZI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri kwa kawaida huwa ni wa mashujaa wa vita na viongozi wa nchi. Mwaka huu naomba ruhusa nimlete mama mmoja aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu, mwanasayansi, mke na mzazi wa watoto watatu. Ni Profesa Wangari Maathai. Alifariki mwaka 2011, wakati wengi wetu tulikuwa bado tunabebwa mgongoni.

Najua mtasema huyu twamjua, ni yule wa miti. Ni kweli, lakini mimi sikumchagua kwa sababu ya miti. Mimi nasoma Fizikia, na nia yangu ni kuwa mhandisi wa barabara na madaraja. Anayekaa Garsen haulizi sababu. Mvua ikinyesha huko juu, mto Tana unafurika, barabara inakatika, na bei ya unga inapanda hata kabla maji hayajafika mlangoni. Lakini kila nikiitaja nia hii, watu huniuliza jambo ambalo sijasikia mvulana akiulizwa: sasa utaolewa lini? Watoto utamwachia nani, na mhandisi hukaa kambini miezi na miezi? Swali lenyewe si baya. Ubaya ni kwamba linaulizwa upande mmoja tu. Wangari hakuwa mhandisi, bali mtaalamu wa maumbile ya miili ya wanyama. Hata hivyo swali hilo lilimkuta, na alilijibu kwa maisha yake.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Nyeri ni mbali na sisi, lakini maji yake twayanywa. Mito ya upande ule wa milima ya Nyandarua, kama vile Gura, huingia Sagana, na Sagana ndiyo inayokuwa Tana. Basi ule udongo mwekundu tunaouona mtoni hapa Garsen wakati wa masika, mwingine umetoka mashamba ya kwao. Alipokuwa mtoto alikuwa akienda kuchota maji kwenye kijito karibu na mkuyu mkubwa. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mkuyu ule, kwa kuwa ulikuwa mti wa kuheshimiwa. Miaka mingi baadaye alirudi akakuta mkuyu umekatwa na kijito kimekauka. Jambo hilo halikumtoka moyoni.

Siku hizo msichana kupelekwa shule halikuwa jambo la kawaida. Yeye alipelekwa, akasoma Ihithe, kisha bweni la masista huko Mathari, kisha Loreto Limuru, ambako alimaliza mwaka 1959. Mwaka 1960 akawa miongoni mwa vijana wa Kenya waliopelekwa kusoma Marekani kwa mpango uliosaidiwa na familia ya Kennedy. Alipata shahada ya kwanza ya biolojia huko Kansas mwaka 1964, na ya pili Pittsburgh mwaka 1966.

Sasa hebu sikilizeni. Aliporudi nyumbani mwaka 1966 alikuwa ameahidiwa kazi ya utafiti katika chuo kikuu cha Nairobi. Alipofika akaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini kwamba alinyimwa kwa kuwa ni mwanamke na kwa sababu ya kabila lake. Ni profesa mmoja Mjerumani, Reinhold Hofmann, aliyempa kazi katika idara ya anatomia ya mifugo. Mwaka 1967 akaenda Ujerumani kuendelea na masomo. Akaolewa na Mwangi Mathai mwaka 1969, na mwaka 1971 akapata udaktari wake hapa Kenya kwa utafiti juu ya viungo vya uzazi vya ng'ombe. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufikia shahada hiyo.

Wenzangu, tazameni miaka hiyo vizuri. Kati ya harusi ya 1969 na mwaka 1974 alizaa watoto watatu: Waweru, Wanjira na Muta. Katika muda huohuo alimaliza udaktari, akaendelea kufundisha chuoni, na mume wake akagombea ubunge wa Lang'ata, kwa hiyo nyumba yake ilikuwa ya wageni na siasa. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara, na 1977 akapanda kuwa profesa mshiriki. Mwanamume akifanya hivyo husifiwa ana bidii. Mwanamke akifanya hivyo huulizwa nani amepika.

Hapa ndipo nilipokuta jambo ambalo sikufundishwa popote. Wangari hakuwaambia wanawake wenzake wavumilie tu. Alitazama masharti ya kazi yenyewe akaona mzigo mwingine hautoki kwa watoto wala kwa vitabu, watoka ofisini. Wakati huo chuo kikuu hakikuwapa walimu wa kike haki sawa na walimu wa kiume. Ilidhaniwa kwamba mwanamke aliyeolewa atapata nyumba kwa mume wake, basi ya nini kumpa marupurupu ya nyumba? Hata katika mambo ya matibabu na malipo ya uzeeni mwanamke hakuwa sawa na mwenzake wa kiume. Yaani walifundisha darasa lilelile, wakasahihisha mitihani ileile, lakini mmoja aliambiwa atunzwe na mumewe.

Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya, mwalimu wa biokemia, wakaanza kudai. Walijaribu hata kugeuza chama cha walimu wa chuo kiwe chama cha wafanyakazi ili kiweze kujadiliana na mwajiri. Mahakama iliwakatalia. Lakini hawakunyamaza, na baadaye mengi waliyodai yalikubaliwa. Nimelifikiria sana jambo hili. Tukiona mama amechoka, sisi husema apumzike, au aache kazi. Ni nani husema tubadilishe kanuni? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeandika kanuni zile hakuwa ameubeba mzigo, ndiyo maana aliuona mwepesi.

Wakati huohuo kazi yake ya utafiti ilimpeleka mashambani kukusanya kupe, wale wanaoleta ugonjwa wa ndigana kwa ng'ombe. Wafugaji wa hapa kwetu wanaujua ubaya wa kupe. Huko aliona ng'ombe wamekonda, majani hakuna, na mito imejaa matope. Katika mikutano ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya akasikia akina mama wakilalamika kwamba kuni ziko mbali, maji yako mbali, na chakula cha watoto si kizuri. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake wakapanda miche saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ndio mwanzo wa Harakati ya Ukanda wa Kijani. Kwa hiyo hata ile miti ilianza na swali la mzigo wa mwanamke. Mama akitembea saa nyingi kutafuta kuni, saa hizo zatoka usingizini mwake. Na akina mama waliopanda walilipwa kitu kidogo kwa kila mche ulioshika, kwa maana jasho lao lilihesabiwa kuwa kazi.

Jamani, tusidhani mambo yalikwenda sawa. Mwaka huohuo wa 1977 yeye na mume wake walitengana, na talaka ikatolewa mwaka 1979 baada ya kesi iliyoandikwa magazetini. Jaji alimpa mume ushindi. Wangari alipomkosoa jaji huyo hadharani alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama. Alikaa siku tatu katika gereza la wanawake la Lang'ata, kisha akatolewa. Mume akamtaka aliache jina lake. Yeye akaongeza herufi moja ya a, na Mathai likawa Maathai, hilo tunalolisoma vitabuni leo.

Baada ya talaka fedha zikawa haba. Akapata kazi katika shirika la Umoja wa Mataifa iliyomlazimu kukaa Lusaka, Zambia, na kusafiri nchi nyingi. Watoto hangeweza kwenda nao. Aliwapeleka kwa baba yao, akawa anakuja kuwaona, na waliishi huko mpaka mwaka 1985. Nilipofika hapa niliacha kusoma kwa muda. Ndilo swali langu la kambini lenyewe. Wako watakaomlaumu, na wako watakaomsifu. Mimi naona kwanza tuulize: kwa nini kazi ile haikuwa na nafasi ya mama na watoto wake? Na tusisahau kwamba watoto hao walikuwa kwa baba yao mzazi, si jalalani. Baba kulea si miujiza.

Mwaka 1982 alitaka kugombea ubunge huko Nyeri. Sheria ilimtaka ajiuzulu kazi ya chuo kwanza, akajiuzulu. Kisha akaambiwa hana sifa za kugombea kwa sababu ya kasoro katika uandikishaji wa wapiga kura. Aliporudi kuomba kazi yake, akakataliwa, na nyumba ya chuo akatakiwa aihame. Miaka 16 ya kufundisha ikaishia hapo. Kumbe alikuwa amejinunulia nyumba ndogo zamani, akahamia huko, na harakati za miti zikawa ndiyo kazi yake ya kila siku. Wasichana wenzangu, hilo la nyumba lisitupite. Mwenye paa lake mwenyewe hata akifukuzwa ana pa kulala.

Yaliyofuata mnayajua, kwa hiyo nitayapita mbio. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru. Mwaka 1992 alipigwa mpaka akazimia alipokuwa na akina mama waliodai wana wao wafunguliwe. Mwaka 1999 alipigwa tena akiutetea msitu wa Karura. Mwaka 2002 akachaguliwa mbunge wa Tetu, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Wakati huo harakati yake ilikuwa imepanda zaidi ya miti milioni 30. Hata kwetu alifika kwa maneno: mwaka 2008 ulipokuja mpango mkubwa wa kulima miwa katika delta ya Tana, alikuwa mmoja wa waliosema ardhi ile ya majimaji isichezewe. Delta hiyo iliandikwa katika orodha ya kimataifa ya maeneo ya majimaji ya Ramsar mwaka 2012, yeye akiwa amekwisha kufa.

Alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 kwa ugonjwa wa saratani ya ovari, akiwa na umri wa miaka 71. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, kwa hiyo likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Wanawe walikuwa naye, na bintiye Wanjira aliendelea na kazi ya mama yake.

Basi, yatufae nini haya sisi tunaosoma kando ya Tana? Kwanza, mambo mengine yamebadilika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia au ndoa. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha. Haya hayakuanguka kama mvua. Yaliletwa na watu waliodai, na Wangari na Vertistine walidai mapema sana, wakati kudai kulikuwa na gharama.

Pili, sheria kwenye karatasi haifui nguo. Kambi ya ujenzi wa daraja bado itakuwa mbali na nyumbani, na mtoto bado atapata homa usiku. Kaka zangu wa darasani, nanyi mtakuwa mabwana wa watu, tena wengine wenu mtakuwa wakubwa wa kazi. Jifunzeni kupika sasa. Na mkija kuandika kanuni za kazi, ulizeni kwanza wabebaji wa mzigo.

Tatu, kwa dada zangu. Tusimgeuze Wangari kuwa malaika asiyechoka, tukajipiga kwa fimbo hiyo. Alichoka, alilia, alifilisika, aliishi mbali na watoto wake. Alichofanya ni kutokubali kwamba kosa lote ni lake. Alipoelemewa hakujiuliza tu amekosa nguvu gani, aliuliza pia mzigo huu umepangwa na nani.

Mimi Fizikia siachi. Nikiulizwa tena nani atalea, nitajibu kwa adabu kwamba watoto wana baba, wana nyanya na shangazi, na mwajiri wangu ana sheria za kufuata. Kisha nitamgeukia mvulana aliye karibu nami nimuulize yeye amepangaje.

Tukutane mwakani, Mungu akipenda.