Mhariri Aliyezipa Hadithi za Upelelezi Nasaba

Wapo walimu ambao wakimfuma mwanafunzi na riwaya ya upelelezi humnyang'anya na kumwamuru asome fasihi. Kabla ya kunyoosha mkono, yafaa wayatafakari maisha ya Dorothy L. Sayers.

Binti huyu wa kasisi alizaliwa Oxford, Uingereza, mnamo 1893. Babake alianza kumfunza Kilatini alipokuwa akikaribia miaka saba. Mwaka wa 1915 alihitimu masomo ya lugha katika Chuo cha Somerville kwa daraja la kwanza, ila shahada hakupewa hadi 1920, kwani kabla ya hapo Oxford haikuwatunukia wanawake. Baadaye alijipatia riziki kwa kutunga matangazo ya biashara jijini London, na mnamo 1923 akachapisha riwaya yake ya kwanza ya upelelezi.

Wengi humkumbuka kwa riwaya zake. Hata hivyo, kazi yake ya uhariri haikuwa na uzito haba. Mwaka wa 1928 alitoa mkusanyiko mnene wa hadithi fupi za upelelezi, mafumbo na vitisho, nao ukafuatwa na juzuu mbili, 1931 na 1934. Sayers hakuokota hadithi na kuzirundika tu. Alizipanga kwa aina, akaziandikia utangulizi mrefu uliochunguza chimbuko la utanzu huu na kanuni zake.

Katika mkusanyiko huo alianza na za kale. Alimleta Danieli wa vitabu vya Deuterokanoni, anayewahoji wazee wawili mbalimbali hadi ushahidi wao ukapingana, na anayenyunyiza majivu katika sakafu ya hekalu ili nyayo ziwaumbue makuhani wezi. Ndipo akafika kwa Edgar Allan Poe wa Marekani, aliyeweka misingi ya hadithi hizi katika miaka ya 1840. Hivyo, utanzu uliodhaniwa kuwa mtoto wa juzi ukapata nasaba.

La kutiwa maanani ni kwamba hakuupamba kwa sifa za uongo. Alikiri kuwa hadithi ya upelelezi ni nadra kufikia vilele vya hisia za binadamu. Aliupenda utanzu huo, lakini aliupima kwa mizani ileile wanayopimiwa watunzi wakuu. Miaka yake ya mwisho aliitumia kumtafsiri Dante, mshairi wa Italia. Alipofariki Desemba 1957, sehemu ya tatu ya tafsiri hiyo ilikuwa haijakamilika, ikamaliziwa na rafikiye Barbara Reynolds na kutolewa 1962.

Sadfa iliyoje kwamba katika mashindano ya uandishi ya 1957 na 1958 hapa Afrika Mashariki, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar aliibuka mshindi kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyomleta mpelelezi Bwana Msa katika Kiswahili. Mnamo 1965 Faraji Katalambulla akafuata na *Simu ya Kifo*. Kazi za namna hii tumezoea kuziita fasihi pendwa, na mara nyingi jina hilo hugeuka kisingizio cha kutozichambua.

Mwalimu mwenzangu, mrudishie mwanafunzi kitabu chake. Kisha mwulize mwandishi amezificha wapi dalili, na kwa lugha gani. Hapo somo la fasihi litakuwa limeanza.