Mufti Rizaeddin bin Fakhreddin wa Ufa (1859–1936)

Mbali upande wa kaskazini, katika bonde la mto Volga nchini Urusi, ambako theluji hufunika ardhi miezi mingi ya mwaka, Uislamu umekaa zaidi ya miaka elfu moja. Wenyeji Waislamu wa huko ni Watatari na Wabashkiri. Katika kijiji kimoja cha Watatari alizaliwa mwaka wa 1859 Rizaeddin bin Fakhreddin, mwana wa imamu. Elimu yake hakuifuata Bukhara wala Misri kama wengi wa rika lake. Aliipata katika madrasa ya nchini kwake.

Mwaka wa 1891 alifanywa kadhi katika Baraza la Waislamu mjini Ufa, lililowekwa na dola ya Warusi tangu zama za Malkia Catherine. Hapo, kati ya majalada ya kale, alianza kitabu chake kikubwa, Asar, kilichokusanya maisha ya maulamaa wa Volga. Aliandika pia juu ya wanawake mashuhuri wa Kiislamu, jambo ambalo wachache walilijali wakati huo. Kuanzia mwaka wa 1908 hata 1918 alikuwa mhariri wa jarida la Shura mjini Orenburg.

Mwaka wa 1917 Mabolsheviki walitwaa serikali. Walitoa tangazo kwa Waislamu wa Urusi, kwa saini za Lenin na Stalin, kwamba dini na mila zao hazitaguswa tena. Msahafu wa kale unaonasibishwa na Sayyidna Uthman, uliokuwa umechukuliwa Samarkand na majemadari wa Mfalme wa Warusi, ulirudishwa kwa Waislamu, ukawekwa Ufa, kisha ukapelekwa Tashkent. Wakati huo huo makasisi wa Kanisa la Orthodox walikuwa wakifungwa na kuuawa. Waislamu walibembelezwa kwanza, nao wengi waliamini. Wala si ajabu, maana dola ya zamani haikuwa imewapa mengi ya kuisikitikia.

Sheikh Rizaeddin alichaguliwa Mufti baada ya kufariki Mufti Barudi mwaka wa 1921. Mwaka wa 1926 aliongoza ujumbe wa Waislamu wa Urusi katika mkutano ulioitishwa Makka na Mfalme Abdul-Aziz bin Saud, akachaguliwa kuwa mmoja wa makamu wa rais wa mkutano. Serikali ya Moscow ilifurahi, kwa kuwa kilemba chake huko ugenini kilikuwa ushahidi mzuri kwao.

Ushahidi huo haukudumu. Sheria ya Aprili 1929 iliwapiga marufuku watu wa dini zote kuwa na mifuko ya kusaidiana, mafundisho ya watoto, mikutano ya wanawake ya ibada na maktaba za vitabu vya kawaida. Maimamu, makasisi na marabi walikuwa wameshanyimwa haki ya kupiga kura. Sasa wakakosa na kadi za chakula, na kodi zao zikapandishwa hata wengi wakakimbia kazi. Mwaka huo huo herufi za Kiarabu ziliondolewa katika lugha ya Watatari. Mtoto aliyeanza kusoma mwaka uliofuata hakuweza kusoma barua ya babu yake, seuze vitabu vya dini.

Februari 1930, ulimwengu ulipopiga kelele, Metropoliti Sergius, aliyeliongoza Kanisa la Orthodox, alitamka kwamba hakuna mateso ya dini katika nchi ya Kisovieti. Asihukumiwe upesi, kwani maaskofu na makasisi wake wengi walikuwa gerezani. Waandishi wa maisha ya Mufti wanasimulia kwamba naye alitakiwa atoe tamko la namna hiyo, akakataa. Alikuwa mzee wa miaka sabini na moja. Badala yake alipeleka Moscow hesabu yake kwa wakubwa wa serikali: katika misikiti 12,000, zaidi ya 10,000 imekwisha kufungwa; na katika maimamu na waadhini, asilimia 90 hadi 97 hawawezi tena kuisimamia ibada.

Misikiti haikufunguliwa. Mwaka uliofuata kanisa kubwa la Kristo Mwokozi mjini Moscow lilibomolewa kwa baruti. Mufti alibaki Ufa katika ufukara na maradhi, akiandika, hata alipofariki Aprili 1936. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Wenzake wa Baraza walikamatwa baadaye na kushitakiwa kuwa wapelelezi wa mataifa ya kigeni. Miongoni mwao alikuwamo Bibi Mukhlisa Bubi, mwalimu wa wasichana, aliyechaguliwa kadhi mwaka wa 1917, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo katika Baraza hilo. Alipigwa risasi Desemba 1937, naye ana miaka sitini na minane.

Sehemu za mwisho za Asar zilibaki katika maandishi ya mkono, kwa herufi zile zilizoondolewa. Zilipigwa chapa Kazan baada ya dola ya Kisovieti kuvunjika mwaka wa 1991.